Namna ya Kukusanya Viberiti vya Zamani Vyenye Alama za Safari za Anga: Mwongozo kwa Wakazi wa Nyanda za Juu Kusini

Kuanzia tarehe 4 Oktoba 1957, Warusi waliporusha setilaiti ya kwanza, Sputnik 1, hadi Julai 1975, vyombo vya Apollo cha Marekani na Soyuz cha Warusi vilipounganishwa angani, safari za anga ziliacha alama zake hata juu ya viberiti vya mfukoni na vya mezani, yaani vile vya chuma vya kujazwa petroli au gesi, si vya njiti. Sababu haiko mbali. Wavutaji wa sigara walikuwa wengi, kiberiti kilikuwa zawadi ambayo kiwanda kingeweza kuwapa wafanyakazi wake wote kwa mkupuo, na ubavu wake laini ulitosha kuchongwa roketi, mwezi, jina na tarehe. Leo vitu hivyo vimetawanyika duniani, na vichache vimefika hadi huku kwetu, kwenye makabati ya wazee, kwenye meza za mafundi saa na kwenye masanduku yaliyoachwa na wageni waliowahi kufanya kazi Mbeya, Iringa, Njombe na Mufindi.

Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka kuanza kukusanya akiwa huku huku, bila fedha nyingi na bila kudanganywa. Jambo moja litarudiwa katika hatua karibu zote: mchoro ulio usoni unaweza kuongezwa na mtu yeyote mwenye kalamu ya kuchongea, lakini alama za kiwandani zilizogongwa kitakoni ni ngumu zaidi kughushi. Kwa hiyo mkusanyaji hugeuza kiberiti juu chini kwanza, ndipo akitazame uso.

Hatua ya kwanza: jiwekee mpaka

Anayenunua kila kiberiti chenye nyota au roketi atamaliza fedha kabla hajawa na mkusanyiko wenye maana. Chagua kipande kimoja cha historia. Wapo wanaokusanya vya Apollo 11 peke yake, safari iliyoondoka duniani tarehe 16 Julai 1969, ikatua mwezini tarehe 20 na kurudi baharini tarehe 24 mwezi huo huo. Wapo wanaofuata viwanda vilivyotengeneza vyombo vyenyewe, kama Grumman iliyounda chombo cha kutua mwezini, Boeing iliyounda sehemu ya chini ya roketi ya Saturn V, na Rocketdyne iliyotengeneza injini zake. Wengine hupenda viberiti vya manowari zilizowaopoa wanaanga baharini. Meli ya USS Hornet, kwa mfano, iliwapokea wa Apollo 11 Julai 1969 na wa Apollo 12 Novemba mwaka huo huo, na viberiti vyenye jina na picha ya meli ni vitu ambavyo mabaharia wa Marekani walivipenda sana. Kuna pia upande wa Kirusi, wenye Sputnik, mbwa Laika, Yuri Gagarin, mtu wa kwanza kufika angani, aliyeruka tarehe 12 Aprili 1961 na Valentina Tereshkova, mwanamke wa kwanza, aliyeruka tarehe 16 Juni 1963. Mwisho kuna viberiti vya mezani vyenye umbo la roketi, ambavyo havina habari ya safari yoyote mahsusi bali ni mapambo ya sebule za enzi hizo.

Kwa maoni yangu, anayeanza akiwa Tanzania angefanya vyema kuchagua kipindi badala ya nchi, yaani 1957 hadi 1975, kwa sababu vitu vinavyopatikana huku ni vya mchanganyiko na hatakuwa na nafasi ya kuchagua sana. Kipindi hicho kinatugusa pia kwa karibu. Marekani ilikuwa na kituo cha kufuatilia vyombo vya Mercury, mpango wake wa kwanza wa kurusha watu angani, huko Tunguu, Unguja, kikafungwa mwaka 1964 baada ya Mapinduzi. Na tarehe 12 Desemba 1970 setilaiti iliyopewa jina Uhuru ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco karibu na Malindi, siku ya kumbukumbu ya uhuru wa Kenya. Kiberiti chenye habari ya mojawapo ya mambo haya mawili, kama kipo, ningekipa nafasi ya mbele kuliko cha Apollo 11. Na asiyeona sababu ya mtu wa Mbeya kujishughulisha na mambo ya anga, basi apande gari la Tunduma, ashuke Mbozi, akakiangalie Kimondo: pande la chuma na nikeli lenye urefu wa takriban mita 3 na uzito unaokadiriwa kuwa tani 16, lililotoka huko huko juu.

Hatua ya pili: vijue viberiti vyenyewe

Kuna aina mbili kubwa. Ya kwanza ni kiberiti cha petroli, ambacho ndani yake kuna pamba iliyolowa mafuta mepesi, utambi, gurudumu lenye meno na jiwe dogo linalotoa cheche. Jiwe hilo ni mchanganyiko wa chuma na madini ya seriamu, uliobuniwa na Mwaustria Carl Auer von Welsbach ambaye aliusajili mwaka 1903. Ya pili ni kiberiti cha gesi ya butani, kilichoanza kuuzwa mwishoni mwa miaka ya 1940 na kuenea sana miaka ya 1960.

Kwa mazingira yetu, cha petroli kina faida. Butani huacha kugeuka mvuke joto linapofika karibu na nyuzi sifuri, na muda mrefu kabla ya hapo msukumo wake hupungua. Kwa hiyo kiberiti cha gesi kinachowaka vizuri Dar es Salaam kinaweza kutoa mwali dhaifu asubuhi ya Julai pale Uyole, na kule Kitulo au Makete kikakataa kabisa. Usikihukumu kuwa kibovu kabla hujakishika kiganjani dakika chache kikapata joto. Ubovu wa kweli wa viberiti vya gesi vya zamani ni mipira midogo ya vali, ambayo hukauka na kupasuka, na vipuri vyake ni vigumu kupata. Cha petroli kina vipuri vya kawaida: jiwe, utambi na pamba.

Katika vya petroli, jina utakalokutana nalo mara nyingi ni Zippo, kampuni iliyoanzishwa na George Blaisdell mwaka 1932 katika mji wa Bradford, jimbo la Pennsylvania. Kwa mkusanyaji, thamani ya Zippo haitokani na umaarufu tu, bali na tabia ya kiwanda hicho ya kugonga alama za mwaka kitakoni, kama tutakavyoona. Japani nayo ilitengeneza viberiti vingi vya bei nafuu vya matangazo na vya umbo la roketi. Usividharau, kwa kuwa mara nyingi michoro yake ina ubunifu kuliko ya Wamarekani wenyewe.

Hatua ya tatu: tafuta mahali panapostahili

Anza na mafundi saa. Katika masoko ya Mwanjelwa na Sido jijini Mbeya, na katika mitaa ya kuzunguka Soko Kuu la Iringa, fundi saa ndiye mtu ambaye kwa miaka mingi aliletewa vitu vidogo vya chuma vilivyoharibika, vingine visifuatwe tena na wenyewe. Chini ya kioo cha meza yake, kati ya mikanda ya saa na betri zilizokwisha, mara nyingi kuna kopo la vitu ambavyo hajui avifanye nini. Omba ruhusa ya kumwaga kopo hilo juu ya kitambaa. Usiingize vidole mwenyewe, kwa sababu fundi ana vipuri vidogo humo na hatapenda vichanganyike.

Baada ya mafundi, fikiria ni nani huku kwetu aliyefanya kazi na wageni kati ya miaka ya 1950 na 1970. Wapo waliofanya kazi kwenye mashamba ya chai ya Mufindi na Tukuyu, kwenye mashamba ya tumbaku ya Iringa, kwenye misheni kama Tosamaganga na Peramiho, kwenye ujenzi wa barabara kuu ya kwenda Zambia, na kwenye reli ya TAZARA iliyojengwa na Wachina na Watanzania kati ya 1970 na 1975. Dereva, mpishi, karani au fundi wa enzi hizo aliweza kuachiwa kiberiti kama zawadi ya kuagana, na familia yake ikakihifadhi bila kujua picha iliyoko juu yake inahusu nini.

Kwa wazee hawa, heshima hutangulia biashara. Usifike nyumbani kwa mtu ukauliza bei mlangoni. Iringa vijijini utaanza na kamwene, salamu ya huko, na kusubiri kukaribishwa. Kwingine kote shikamoo inatosha. Mazungumzo yaende hivi:

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mwanangu. Karibu ukae.”

“Asante, mzee. Nimeelezwa kuwa una kiberiti cha zamani chenye picha ya mwezi. Sikuja kukuomba uniuzie leo. Nimekuja kukiona na kusikia kilikotoka.”

Mzee akishaona kuwa unataka habari kuliko mali, atakueleza mengi: jina la bwana shamba, mwaka alioondoka, kijiji walichokuwa wakijenga barabara. Yote hayo yaandikwe siku hiyo hiyo. Kiberiti chenye habari ya kuaminika ya namna kilivyofika Mafinga kina maana kuliko kingine kama hicho kilichonunuliwa kwa mtu asiyejulikana. Kama mzee hataki kuuza, omba kupiga picha, mshukuru na uondoke. Wengi huamua baadaye, na wengine hawaamui kamwe, na hiyo ni haki yao.

Hatua ya nne: soma kitako

Hapa ndipo penye kazi yenyewe. Chukua kioo cha kukuzia, simama penye mwanga wa jua unaotoka ubavuni, na ugeuze kiberiti. Mwanga wa moja kwa moja kutoka juu huficha alama zilizofifia, ilhali wa pembeni huzipa kivuli zikasomeka.

Kwa Zippo za Bradford, tazama pande mbili za jina la kampuni. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 utaona nukta ndogo: mwaka 1961 ni nukta tatu kushoto na mbili kulia, 1962 mbili na mbili, 1963 mbili na moja, 1964 moja na moja, na 1965 moja tu upande wa kushoto. Kuanzia 1966 nukta zikawa mistari iliyosimama wima: minne na minne kwa 1966, minne na mitatu kwa 1967, mitatu na mitatu kwa 1968, mitatu na miwili kwa 1969, miwili na miwili kwa 1970, miwili na mmoja kwa 1971, mmoja na mmoja kwa 1972, na mmoja tu kwa 1973. Mwaka 1974 mistari ikalazwa mshazari, ikaanza tena minne na minne. Katikati ya mwaka 1986 utaratibu ukabadilika: herufi moja ya kuonyesha mwezi, kuanzia A ya Januari hadi L ya Desemba, na namba ya Kirumi ya mwaka, ambapo II ni 1986, III ni 1987 na kuendelea. Tangu 2001 mwaka huandikwa kwa tarakimu za kawaida. Zippo zilizotengenezwa Niagara Falls, Kanada, zina mambo yake, hivyo usizilazimishe kufuata orodha hii neno kwa neno.

Sasa chukua mfano. Unaonyeshwa kiberiti chenye picha ya mwezi, dunia na chombo cha kutua, na tarehe 20 Julai 1969, na muuzaji anasema ni cha wakati ule ule. Ukikuta mistari mitatu kushoto na miwili kulia, mwaka ulio kitakoni unakubaliana na tukio, na unaweza kuendelea na uchunguzi. Ukikuta miwili na miwili, ni cha mwaka uliofuata, jambo ambalo si ajabu kwa kuwa tukio kubwa huuzwa kwa muda. Ukikuta herufi na namba ya Kirumi, hicho ni cha kumbukumbu kilichotengenezwa miaka mingi baadaye. Na ukikuta alama za 1964, basi mtu amechukua kiberiti kikuukuu akakichonga mwezi juu yake. Vya kumbukumbu si vya kughushi, na mwaka 2019, miaka 50 baada ya kutua, vilitoka vingi. Kosa ni kuviuza kwa bei ya vya mwaka wenyewe.

Kwa viberiti visivyo na alama za mwaka, jina la nchi husaidia. Maandishi ya “Occupied Japan” ni ya kipindi ambacho Japani ilikuwa chini ya majeshi ya Marekani na washirika wake, kipindi kilichokoma mwaka 1952. Kiberiti chenye maandishi hayo kinaweza kuwa na umbo la roketi, kwani roketi za hadithini zilikuwapo tayari, lakini hakiwezi kuwa na Sputnik iliyochongwa kiwandani. “West Germany” au “Western Germany” huonyesha kuwa kitu kilitengenezwa baada ya Ujerumani kugawanyika mwaka 1949. Bidhaa nyingi za Kirusi za matumizi ya nyumbani ziligongwa bei yake kwenye chuma chenyewe, kwa rubo na kopeki, na bei hiyo ni ushahidi mzuri kwamba kitu kilitengenezwa kwa ajili ya soko la ndani la Urusi ya wakati huo. Kwa vya Kichina vyenye picha ya setilaiti, kumbuka kuwa China ilirusha ya kwanza, Dong Fang Hong 1, tarehe 24 Aprili 1970.

Beba sumaku ndogo pia. Ganda la Zippo za kipindi hiki kwa kawaida ni shaba ya manjano iliyopakwa kromu, na sumaku haishiki kwa nguvu. Toa kwanza sehemu ya ndani, kwa maana hiyo inaweza kuvutwa na kukupotosha. Ganda linalong'ang'ania sumaku kama kopo la maziwa linastahili maswali zaidi.

Hatua ya tano: soma uso

Kitako kikishakubali, tazama mchoro. Nembo za shirika la anga la Marekani, NASA, ni kalenda kwa anayezijua. Nembo ya duara la buluu lenye nyota na ncha nyekundu ilibuniwa na James Modarelli mwaka 1959. Ile ya herufi nne nyekundu zilizonyooshwa kama bomba lililopindwa ilianza mwaka 1975, ikaondolewa 1992, ikarudishwa 2020. Kwa hiyo kiberiti chenye alama za 1969 kitakoni na herufi hizo nyekundu usoni kimekutanishwa na mchoro wake baadaye.

Nembo ya Apollo 11 nayo ina mambo ya kuangalia kwa makini. Ina tai anayetua mwezini, tawi la mzeituni katika makucha yake, dunia nyuma yake, na maandishi ya APOLLO 11 juu. Haina majina ya wanaanga. Neil Armstrong, Buzz Aldrin na Michael Collins waliamua hivyo ili nembo iwe ya wote waliofanikisha safari. Nembo inayomwonyesha tai amebeba tawi mdomoni, au yenye majina matatu pembeni, haikunakiliwa kutoka kwenye ile rasmi, na muuzaji anayedai kuwa kiberiti hicho kilitolewa na NASA kwa watumishi wake anapaswa kutoa ushahidi wa ziada.

Kwa upande wa Kirusi kuna siri moja ninayoipenda kuliko zote. Umbo halisi la roketi iliyomrusha Gagarin lilifichwa hadi mwaka 1967, lilipoonyeshwa kwa mara ya kwanza kwenye maonyesho ya ndege ya Paris. Wachoraji wa kabla ya hapo walibuni wenyewe: roketi nyembamba yenye mabawa matatu, ikiacha mkia wa moto. Ukiletewa kitu kinachodaiwa kuwa cha 1961 na juu yake kuna roketi yenye mapipa manne yaliyochongoka yakiizunguka, ambalo ndilo umbo lake halisi, ujue mchoraji aliona kitu ambacho mwaka 1961 hakingeweza kuonekana. Hapa, mchoro wa kubuni ndio wenye dalili ya ukweli.

Mwisho, chunguza mfereji wa mchongo wenyewe kwa kioo. Mchongo wa zamani una kingo zilizolegea kwa kusuguliwa na mfuko, na ndani yake kuna weusi ulioshikamana. Uliochongwa majuzi hung'aa manjano pale shaba ilipofunuliwa, na ukipitisha ukucha unahisi vijimeno vinavyokwaruza. Weusi unaotoka mara moja kwa kitambaa chenye maji ni rangi ya viatu iliyopakwa ili kumzubaisha mnunuzi.

Hatua ya sita: kununua

Usitumie bei zinazotangazwa na wauzaji wa mtandaoni kama kipimo, kwa sababu mtu anaweza kuandika bei yoyote. Tazama vitu vilivyokwisha kuuzwa, na ufananishe mwaka, hali ya bawaba na hali ya mchoro. Ukinunua kwa mtu aliye mbali, omba picha za kitako, bawaba ikiwa wazi, na sehemu ya ndani ikiwa nje ya ganda. Anayekataa kupiga picha ya kitako ameshakujibu. Sokoni, taja bei yako ukiwa tayari kuilipa, na usimvunjie fundi moyo kwa kukiponda kiberiti chake mbele ya wateja wengine.

Hatua ya saba: kufungua na kusafisha

Kazi hii ifanyike nje au penye madirisha wazi, mbali na jiko la mkaa na la gesi. Kwa kiberiti cha petroli, vuta sehemu ya ndani taratibu kwa kuishika kwenye kuta zinazozunguka utambi. Chini yake kuna parafujo inayobana springi na jiwe. Ilegeze kwa bisibisi inayolingana na mfereji wake. Bisibisi nyembamba mno huchuna kichwa cha parafujo, na parafujo iliyochunika hupunguza thamani.

Mara nyingi utakuta jiwe limekwama. Jiwe la kiberiti likikaa na unyevu kwa miaka hugeuka unga wa kijivu, likavimba na kuziba bomba lake, na hilo ndilo tatizo la kawaida kuliko yote katika viberiti vilivyolala kabatini wakati wa masika yetu ya Novemba hadi Aprili. Usipige nyundo. Dondoshea mafuta ya kulegeza kutu, acha usiku kucha, kisha zungusha kwa vidole ncha ya keke nyembamba kuliko bomba, ukitoa unga kidogo kidogo. Fundi saa mwenye mkono mtulivu ataifanya kazi hii kwa malipo madogo, naye sonara anaweza kunyoosha bawaba iliyolegea. Sonara huyo huyo mwambie wazi asing'arishe kitu, kwa maana mazoea ya kazi yake yatamtuma kung'arisha.

Ganda lililo tupu lisafishwe kwa maji ya uvuguvugu, sabuni kidogo na mswaki laini, kisha likaushwe mara moja. Dawa za kung'arishia shaba zina chembe zinazokwangua. Zikipita juu ya mchongo uliojazwa rangi huiondoa, na zikirudiwa juu ya kromu huimaliza. Tina na asetoni zisisogee karibu na rangi. Ukungu wa kahawia juu ya shaba uachwe ulivyo, kwa kuwa wakusanyaji wengi huutafuta.

Ukitaka kujaribu kukiwasha, tumia mafuta maalumu ya viberiti yanayouzwa kwenye vikopo vidogo, si petroli ya bodaboda, ambayo ina benzini yenye madhara kwa afya na mvuke mwingi wa kulipuka. Jaza kidogo, futa ganda na mikono, subiri dakika kadhaa, ndipo uwashe. Kwa cha gesi, kijaze nje, kisikilize karibu na sikio, na ukisikia mlio wa kuvuja kiache kijimalize chenyewe penye upepo. Hakuna haja ya kuwasha kila kiberiti ulichonacho. Cha nadra kibaki kikavu.

Hatua ya nane: kuhifadhi

Toa mafuta na jiwe kabla ya kukihifadhi. Jiwe liwekwe kwenye mfuko wake mdogo wenye namba ile ile ya kiberiti. Funga ganda kwa kitambaa cheupe cha pamba kilichofuliwa bila marashi, kisha weka kwenye kopo la plastiki lenye mfuniko pamoja na vile vipakiti vya chembe za kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya. Wakati wa mvua vipakiti hivyo vibadilishwe kila vikichoka. Usitumie gazeti, kwa sababu hushika unyevu na kuacha wino. Usitumie mipira ya kufungia fedha, kwa sababu ina salfa inayotia weusi shaba na fedha. Wala usitengeneze sanduku la mbao mbichi, hata kama mbao za Sao Hill ziko karibu na ni za bei nzuri. Mbao zikishakauka vizuri, sanduku litafaa kwa maonyesho, si kwa kulaza vitu mwaka mzima. Na watoto wasifikie kopo hilo.

Hatua ya tisa: daftari

Kila kiberiti kipewe namba, na kila namba iwe na ukurasa. Andika aina, alama za kitako kama zilivyo bila kuzitafsiri, vipimo kwa milimita, uzito ukiweza kuupata kwenye mizani ya sonara, mahali na tarehe ya kukipata, na maneno ya aliyekupa. Tenganisha ulichokiona na ulichoambiwa: “mistari mitatu na miwili” ni ulichokiona, “kililetwa na mhandisi wa barabara” ni ulichoambiwa. Andika pia marekebisho yote, hata kubadilisha utambi. Picha ziwe nne angalau, uso, mgongo, kitako na ndani, zote kwa mwanga wa dirishani.

Hatua ya kumi: kusafirisha na kubadilishana

Hakuna mkusanyaji wa huku atakayekamilisha orodha yake bila kubadilishana na wengine. Kiberiti kinachosafiri kiwe kikavu kabisa, bila mafuta, bila gesi na bila jiwe, kwa kuwa mafuta na gesi za viberiti ni vitu vya hatari katika sheria za posta na za ndege. Cha petroli kitolewe pamba ikauke peponi siku kadhaa, hadi harufu iishe. Ulizia posta kabla ya kufunga kifurushi, wakuoneshe fomu ya forodha, na uandike humo kitu chenyewe kwa jina lake. Ukiondoka kwa ndege kutoka uwanja wa Songwe, usikiweke kwenye mzigo unaopakiwa chini bila kuwauliza wahudumu wa shirika la ndege, kwani masharti yao yanaweza kuzidi ya sheria, na kiberiti kilichochukuliwa kwenye ukaguzi hakirudi. Kwa kifurushi cha ndani, basi la mchana kutoka Mbeya hadi Iringa, na risiti yenye namba ya simu ya mpokeaji, vinatosha. Nakala ya ukurasa wa daftari ifungwe pamoja na kiberiti, ili anayekipokea aanzie pale wewe ulipoishia.